Somewhere in Time (1980): Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya ni maswali yale yale yanayorudi kila filamu hii inapotajwa, iwe na aliyeiona jana usiku au na anayeijua kwa moyo. Sehemu tatu za kwanza unaweza kuzisoma hata kama hujaitazama. Kuanzia sehemu ya nne mwisho wa hadithi unawekwa wazi, kwa hiyo kama hutaki kuujua, ishia hapo kwanza, uitazame, kisha urudi.

## Mambo ya msingi

Filamu hii inahusu nini?

Richard Collier ni kijana mwandishi wa tamthilia. Mwaka 1972, usiku ambao tamthilia yake inaonyeshwa chuoni, bibi mzee asiyemfahamu anapenya katikati ya watu, anamtia mkononi saa ya dhahabu ya mfukoni na kumwambia neno moja tu: arudi kwake. Kisha anageuka na kuondoka. Ukumbi mzima unabaki kuulizana ni nani yule.

Miaka minane inapita. Richard sasa anaishi Chicago, kalamu imemkaukia na mapenzi yamevunjika. Anaingia kwenye gari bila kujua aendako, anafika kwenye hoteli ya zamani kando ya ziwa, na humo ukutani anakutana na picha ya Elise McKenna, mwigizaji wa jukwaani aliyewahi kuigiza hapo mwaka 1912. Picha hiyo haimtoki akilini, hata usingizi unampaa. Anapochimba habari za mwanamke huyo anagundua kuwa ndiye bibi aliyempa saa. Kuanzia hapo anatafuta njia ya kufika 1912.

Ni filamu ya mapenzi au ya kubuni mambo ya kisayansi?

Ya mapenzi, na njozi ndiyo inayoyabeba. Humu hamna mashine, hamna taa zinazomweka, hamna mtaalamu wa kueleza hesabu. Mtu analala kitandani na kujiaminisha. Anayekuja akitafuta vyombo na mitambo atachoka mapema, na ni vizuri aambiwe mapema.

Nani wamo?

Christopher Reeve ndiye Richard. Alikuwa ametoka kung'ara kwenye Superman ya 1978, na hapa anavaa suti ya kizee badala ya joho jekundu. Jane Seymour ndiye Elise. Christopher Plummer, ambaye wengi wanamkumbuka kwa The Sound of Music, ndiye W. F. Robinson, meneja wa Elise. Teresa Wright anaigiza Laura Roberts, mwanamke aliyemtunza Elise uzeeni, na Bill Erwin ndiye Arthur, mzee mchukuzi wa mizigo wa hotelini. Mtazame Arthur vizuri. Nafasi yake ni ndogo lakini ina siri yake. Mwongozaji ni Jeannot Szwarc, Mfaransa ambaye miaka miwili kabla yake alikuwa ameongoza Jaws 2.

Inafaa kutazamwa na familia?

Kwa watoto wakubwa, ndiyo. Hakuna matusi mazito wala uchi, na tukio la faragha linaonyeshwa kwa staha. Watoto wadogo hawataogopa chochote, ila mwendo wake ni wa taratibu na watalala.

Niitazame vipi?

Kwa sauti yake ya asili, pamoja na maandishi ya chini kama Kiingereza kinakupa shida. Tumezoea filamu za kutafsiriwa, ambapo msimulizi anaongea juu ya picha mwanzo hadi mwisho, na kwa filamu za mapigano jambo hilo lina raha yake. Humu, dakika nzima hupita bila mtu kusema neno, na muziki ndio unaosema. Ukiufunika, umefunika nusu ya hadithi.

## Riwaya na filamu

Riwaya yenyewe ni ipi?

Ni Bid Time Return ya Richard Matheson, iliyotoka 1975 na kushinda Tuzo ya World Fantasy ya riwaya bora mwaka 1976. Jina lake limechukuliwa kwenye Richard II ya Shakespeare, pale mfalme anapoambiwa aiite jana irudi. Baada ya filamu, matoleo mengi ya kitabu yamechapishwa kwa jina la filamu, ndiyo maana wasomaji wengine hudhani ni vitabu viwili.

Matheson ni yule yule wa I Am Legend. Aliyetisha watu kwa miaka mingi ndiye aliyekaa akaandika hadithi hii, na muswada wa filamu akauandika mwenyewe. Hata mbele ya kamera alipita: ndiye bwana wa mwaka 1912 anayemkodolea macho Richard aliyejikatakata kwa wembe asiouzoea.

Elise McKenna aliwahi kuwapo?

Elise hakuwapo, lakini yuko mwanamke aliyemzaa. Matheson alikuwa safarini na familia yake akaingia Piper's Opera House, jumba la maonyesho la zamani huko Virginia City, Nevada, akaona picha ya mwigizaji Maude Adams. Ilimvuta, akaanza kusoma habari zake.

Maude Adams, aliyezaliwa 1872 na kufariki 1953, alikuwa miongoni mwa waigizaji wapendwa kuliko wote Marekani. Yeye ndiye aliyekuwa Peter Pan jukwaani Broadway mwaka 1905. Alikuwa mtu wa kujitenga, hakuolewa, na meneja wake, Charles Frohman, alizama na meli ya Lusitania mwaka 1915. Ukishajua hayo, Elise na Robinson unawaona kwa macho mengine.

Kitabu na filamu vinatofautiana wapi?

Mahali na miaka vimebadilishwa. Kwenye kitabu, hoteli ni Hotel del Coronado karibu na San Diego, California, na Richard anatoka 1971 kwenda 1896. Kwenye filamu ni Grand Hotel ya Michigan, kutoka 1980 kwenda 1912. Muziki nao umebadilishwa: wa kitabuni ni Mahler, wa filamu ni Rachmaninoff.

Tofauti kubwa, hata hivyo, ni ugonjwa. Richard wa kitabuni ana miaka 36, ana uvimbe kwenye ubongo na anajua hana muda mrefu wa kuishi. Kitabu kinaletwa kwetu na ndugu yake, Robert, kama maandiko aliyoyaacha marehemu, na mwishoni msomaji anaachiwa shaka: pengine Richard alikwenda kweli, pengine ni ubongo uliokuwa ukizimika. Filamu imeufuta ugonjwa wote. Richard wa Reeve ni mzima wa afya. Anachoumwa ni picha ile.

Wasomaji wa kitabu hulalamika kwamba hapo filamu imepoteza kina. Mimi nasema filamu ilifanya jambo gumu zaidi. Uvimbe ni kisingizio kizuri. Unamruhusu msomaji aipende hadithi bila kuiamini. Filamu imemnyima mtazamaji kisingizio hicho. Inakutaka uamini kwamba mtu amevuka miaka 68 kwa kutaka tu, na inaweka ushahidi mezani (tazama swali la daftari la wageni, sehemu ya nne). Asiyekubali hilo hataipenda kamwe, na anayelikubali haisahau.

Kwa nini hoteli ilihamishwa kutoka California?

Kwa sababu za kazi. Hotel del Coronado ya mwishoni mwa miaka ya 1970 ilikuwa imezungukwa na dunia ya leo: magari, antena, majengo mapya. Kuifanya ionekane ya zamani kungekula fedha ambazo watengenezaji hawakuwa nazo. Kisiwa cha Mackinac, ilipo Grand Hotel, kilikuwa tayari kinaishi kizamani.

## Utengenezaji, muziki na kisiwa

Mackinac ni wapi, na kweli hakuna magari?

Ni kisiwa kidogo upande wa kaskazini wa jimbo la Michigan, pale ziwa Michigan linapokutana na ziwa Huron. Magari yamepigwa marufuku huko tangu 1898. Watu huenda kwa miguu, kwa baiskeli na kwa gari la farasi, na magari machache yaliyopo ni ya dharura. Ilibidi kibali maalumu kitolewe ili Richard aonekane akiwasili hotelini kwa gari lake. Picha zilipigwa mwaka 1979.

Grand Hotel ilifunguliwa 1887. Baraza lake la mbele lina urefu wa futi 660, karibu mita 200, na viti vyeupe vimepangwa vikitazama maji. Kwenye filamu baraza hilo halikupambwa sana, ndivyo lilivyo.

Unaweza kwenda kuitembelea?

Ndiyo, ila msimu wa baridi hoteli hufungwa. Kila Oktoba hufanyika wikendi ya mashabiki, ambapo watu huja wamevaa mavazi ya 1912 na filamu huonyeshwa humo humo ilimopigwa. Kibanda cha mapumziko kilichojengwa kwa ajili ya filamu bado kipo kisiwani, na mahali kando ya maji ambapo Elise na Richard walikutana mara ya kwanza pamewekwa alama. Wanaotaka kuvishana pete hupapenda.

Kwa nini 1912 inaonekana laini kuliko 1980?

Si macho yako. Szwarc na mpiga picha wake, Isidore Mankofsky, walitumia mikanda ya aina mbili: Kodak kwa matukio ya sasa, yenye rangi kali na mistari mikavu, na Fuji kwa matukio ya 1912, yenye rangi tulivu za maziwa na krimu. Mtazamaji hahitaji kulijua hilo, lakini mwili wake unajua kwamba hewa imebadilika. Mavazi yalifanya kazi hiyo hiyo. Mbunifu wake, Jean-Pierre Dorléac, aliteuliwa kuwania Oscar, na huo ndio uteuzi pekee wa Oscar ambao filamu ilipata.

Ule muziki ni wa nani?

Ni wa watu wawili. Muziki wa filamu umetungwa na John Barry. Ule mwingine, unaopigwa na piano kisha ukabebwa na okestra nzima, ni wa Sergei Rachmaninoff: sehemu ya 18 kati ya 24 za Rapsodia yake juu ya wimbo wa Paganini.

Hapa pana jambo la kupendeza. Rapsodia hiyo ilitungwa 1934. Richard anapoivumisha kwa mdomo mbele ya Elise, mwaka 1912, Elise, anayempenda sana Rachmaninoff, anashangaa kwamba hajawahi kuusikia muziki huo. Angeusikiaje? Ulikuwa bado miaka 22 uzaliwe. Amebeba wimbo huo kifuani tangu siku hiyo, akangoja hadi mtunzi mwenyewe akautunga. Fikiria jinsi alivyojisikia siku alipousikia ukipigwa kweli kwa mara ya kwanza. Filamu haituonyeshi siku hiyo, lakini inatuonyesha kijisanduku chake cha muziki chenye umbo la Grand Hotel, na ukikifungua ndio huo unaolia.

John Barry ni yule wa Out of Africa?

Ndiye. Oscar aliyoipata kwa Out of Africa (1985) na zile mbili za Born Free (1966) zote zilitokana na filamu zilizopigwa Kenya. Ukisikiliza ile ndege ndogo ya Out of Africa inavyoruka juu ya ziwa na heroe wakitawanyika chini yake, kisha ukarudi kusikiliza Elise akitembea kando ya maji, utausikia mkono ule ule: sauti ndefu za fidla zinazopanda bila haraka, zikikataa kuachia. Kwa hiyo wengi wetu tumeujua muziki wa mtu huyu kupitia Elsa, yule simba wa Born Free, na nyika za Kenya kabla ya kuijua filamu hii.

Ilipotoka ilipokelewaje?

Vibaya. Ilitoka Oktoba 1980, waigizaji wa Marekani wakiwa kwenye mgomo tangu Julai, hivyo Reeve na Seymour hawakuweza kuzunguka kuitangaza. Wahakiki wengi waliiona ya machozi mepesi, na ikaondoka sinema mapema. Televisheni ya kebo ndiyo iliyoifufua: ilipoanza kurudiwa rudiwa majumbani, watu wakaanza kuandikiana barua juu yake. Huko Hong Kong ilikaa sinema muda mrefu kupita matarajio ya wote. Mwaka 1990 ikaundwa jumuiya ya mashabiki ambayo ndiyo ilishikilia wikendi za Oktoba.

## Safari na mwisho wake (tahadhari: mwisho unafichuliwa)

Richard anasafiri vipi hasa?

Anamwendea mwalimu wake wa zamani wa chuo, Finney, ambaye anamweleza nadharia yake: ukijizungusha na vitu vya wakati ule, ukaondoa kila cha sasa, kisha ukaiambia akili yako mfululizo kwamba uko huko, akili inaweza kukubali na mwili ukafuata. Jina la mwalimu huyo ni salamu kwa Jack Finney, mwandishi wa riwaya nyingine mashuhuri ya safari kama hiyo.

Richard ananunua suti ya kale, anakata nywele, anatafuta sarafu za zamani, anarekodi sauti yake ikimwambia kuwa ni Juni 1912, analala. Inashindikana. Kinasa sauti chenyewe ni cha sasa, na moyoni hajaamini.

Basi nini kinamfikisha?

Daftari la wageni. Baada ya kushindwa, anakwenda kwenye dari ya hoteli, anapekua madaftari yaliyojaa vumbi, na kwenye ukurasa wa 1912 anakuta jina lake mwenyewe, kwa mwandiko wake mwenyewe. Hapo Reeve hafanyi kitu kikubwa. Anacheka kidogo, kama mtu aliyepata barua aliyoingoja miaka. Kwangu hilo ndilo tukio kuu la filamu, kuliko hata busu. Tangu hapo hahitaji kujilazimisha kuamini, kwa kuwa ameona kwamba alishafika.

Ile picha ya ukutani ilipigwaje?

Ilipigwa wakati wa onyesho la Elise hotelini. Amekaa mbele ya mpiga picha, uso wake ni wa kazi, mzuri lakini umefungwa. Richard anaingia mlangoni. Elise anamwona, uso unafunguka, na hapo hapo picha inapigwa. Ule uso uliomnyima Richard usingizi mwaka 1980 ulikuwa ukimtazama yeye.

Ile senti ilifanya nini?

Asubuhi baada ya usiku wao wa pekee, Richard anamchekesha Elise kwa mifuko mingi ya suti yake. Kwenye mfuko mmoja anatoa sarafu ya senti, anaigeuza, anasoma mwaka: 1979. Elise anaanza kuita jina lake, sauti inazidi kuwa mbali, chumba kinamezwa na giza, na Richard anaamka 1980 akitokwa jasho. Anajaribu kurudi, hawezi. Anakaa dirishani siku nyingi bila kula hadi wanamkuta hoi. Anakufa, na mahali penye nuru tupu Elise anamngoja.

Kwa nini asijaribu tena bila ile senti?

Anajaribu. Lakini senti ilikuwa chanzo tu; kilichovunjika ni ile imani. Mara ya pili alikuwa na daftari la kumhakikishia kuwa alifika. Sasa hana daftari lolote linalosema alirudi tena, na ndani yake anajua hivyo.

## Maswali ya wabishi

Saa ya dhahabu ilitengenezwa na nani?

Hakuna. Elise mzee anampa Richard saa mwaka 1972. Richard anakwenda nayo 1912 na inabaki kwa Elise. Elise anaitunza miaka sitini na kumpa Richard tena. Saa inazunguka bila kupita kwa fundi yeyote. Watu wa fizikia huongeza swali gumu zaidi: kama inazunguka hivyo, kila mzunguko ingechakaa kidogo, kwa hiyo haiwezi kuwa saa ile ile.

Filamu haikuweka kinga yoyote hapo, na sioni kama ilisahau. Daftari, wimbo, picha na saa vyote vinazunguka kwa namna hiyo hiyo: Richard anampenda Elise kwa sababu ya uso ambao Elise aliuonyesha kwa sababu Richard alikuja. Ukiidai saa fundi, lidai na penzi lenyewe chanzo. Halina.

Arthur alimtambua Richard?

Alikaribia. Mwaka 1980 anamwambia Richard kwamba ni kama amewahi kumwona. Mwaka 1912 tunamkuta Arthur mtoto mdogo, babake akiwa karani wa hoteli, akicheza na mpira ukumbini, na Richard anaongea naye kwa upole wa mtu anayemjua atakavyokuwa mzee.

Elise aliuliza "Ni wewe?" kwa sababu gani? Na Robinson alijuaje?

Robinson alikuwa amemwonya Elise kwamba siku moja atatokea mwanamume atakayebadilisha maisha yake. Elise anapomwona Richard kando ya maji anauliza swali hilo akiwa na hofu kuliko furaha. Kutokana na hapo, baadhi ya mashabiki wanashikilia kwamba Robinson naye ni msafiri wa wakati. Nadharia hiyo inavutia, ila filamu haina hata kitu kimoja cha kuithibitisha.

Mimi naona maelezo rahisi yanamtosha. Robinson amemlea Elise kisanaa tangu akiwa msichana, na anajua kwamba msanii wa kiwango kile siku moja atapenda, na atakapopenda, jukwaa litamkosa. Si mpenzi mwenye wivu. Richard anapomshutumu hivyo anamkosea. Ndiyo maana Plummer hamwigizi kama shetani hata anapoamuru Richard apigwe na kufungwa kwenye banda la farasi. Na tukiwa wakweli, alichokihofia kilitokea: Laura anatuambia kwamba baada ya 1912 Elise hakuwa tena yule aliyekuwa.